Kifua cha Nyanda za Juu Kusini hakikosi kinga, kinakosa kipimo

Kipaza sauti cha muuza dawa pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, hurudia maneno yale yale kutwa nzima: kikohozi kisichoisha, kifua kubana, kuhema ukipanda kilima, yote hayo ni kinga kushuka, na chupa hii inaipandisha. Watu wananunua. Siwalaumu, maana hilo ndilo somo la kinga tulilofundishwa mikoa hii kwa miaka mingi. Mbeya, Iringa na Njombe zimebeba mzigo wa VVU kupita sehemu karibu zote za nchi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba Njombe na Iringa zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila kumi ana maambukizi. Kwenye mabango, kwenye semina na kwenye vyumba vya ushauri nasaha tuliambiwa kwamba mwili una askari wake, wakipungua unaugua, wakiongezeka unapata nafuu. Kwa ugonjwa ule somo lilikuwa sahihi na liliokoa maisha. Tatizo ni kwamba tumelichukua kama lilivyo tukalipeleka kwenye kifua sugu, na huko linapotosha.

Katika magonjwa sugu ya mapafu, sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na seli zetu wenyewe za kinga, zikiwa hai, zikiwa nyingi na zikiwa kazini. Hazijapungua. Ziliitwa na moshi, na vumbi au na bakteria, zikaja, na hazikuondoka hata baada ya aliyeziita kwenda zake. Mtu anayelielewa hili hatauliza tena dawa gani inaongeza kinga. Atauliza pumzi yake imebaki kiasi gani, na ni nini kinachoendelea kuichochea kinga hiyo ndani ya kifua chake. Hospitali zetu nyingi hazina jibu la swali la kwanza kwa sababu hazipimi. La pili ni nadra hata kuulizwa.

Tuanze na seli yenyewe. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vinavyokadiriwa kufika milioni 480, na kila siku hewa inayopita humo ni zaidi ya lita 10,000. Hewa hiyo huja na vumbi, masizi, chavua na vimelea. Juu zaidi kwenye mirija kuna ute unaonasa uchafu na vinyweleo vinavyousukuma utoke, lakini ndani ya vifuko hakuna kitu cha namna hiyo. Usafi wa huko umeachiwa seli kubwa iitwayo makrofaji. Hutambaa juu ya ukuta wa kifuko, ikikuta chembe inaizingira na kuimeza. Kazi hii ya kumeza ilielezwa na Ilya Metchnikoff baada ya majaribio yake ya mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipokuwa akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pweza, na mwaka 1908 ilimpatia Tuzo ya Nobel. Ukiosha sehemu ya pafu la mtu mwenye afya kwa maji ya chumvi na kuyatazama maji hayo kwa hadubini, seli utakazoona karibu zote ni makrofaji. Na katika siku za kawaida ni seli tulivu. Huondoa uchafu bila kuzua uvimbe, kwa sababu ukuta wa kifuko ni mwembamba mno na uvimbe kidogo tu hapo unatosha kuzuia hewa isiingie kwenye damu.

Sasa ifikirie seli hiyo ndani ya jiko la Makete mwezi wa Julai. Jiko ni chumba cha peke yake, ukuta wa tofali za kuchoma, na upande wa ndani wa bati umeganda masizi meusi yanayong'aa. Juu ya mafiga kuna dari ya miti inayobeba mahindi ya mbegu, yakaushwe na moshi, wadudu wasiyaguse. Kuni ni za miwati, nyingine bado mbichi. Mlango umefungwa kwa sababu nje kuna umande ulioganda. Moto umewashwa alfajiri kwa ajili ya uji, na hautazimwa hadi usiku kwa kuwa ndio joto pekee la nyumba. Bibi anaota, mama anapika, mtoto yuko mgongoni. Moshi huo una kazi pale: unahifadhi mbegu ya msimu ujao, unafukuza baridi. Inaniudhi kusoma makala za watu wa mjini zinazomsema mama wa Makete kana kwamba amechagua moshi kwa kukosa elimu. Hajauchagua. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 15 za chembe laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24, na jiko la kuni lililofungwa hivyo hufika mamia kwa urahisi, moto unapokolezwa hupita 1,000.

Kinachoipata makrofaji hapo tunakijua kwa sababu kimechunguzwa kwa jirani zetu. Huko Malawi, ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, watafiti waliosha mapafu ya watu wazima waliojitolea, wakakuta makrofaji zimejaa chembe nyeusi, na wingi wa chembe hizo ulifuatana na nishati ya kupikia na aina ya taa ya nyumbani. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba makrofaji iliyoshiba masizi humeza bakteria kwa udhaifu. Kwa wavuta sigara hali ni hiyo hiyo: idadi ya makrofaji kwenye vifuko hupanda mara kadhaa, huku kila moja ikifanya kazi yake vibaya kuliko kabla. Haimezi ipasavyo, haiondoi hata seli wenzake waliokufa, lakini inaendelea kutoa kemikali za kuita seli nyingine zije. Muuza chupa wa Mwanjelwa, hata dawa yake ingefanya kweli anachokisema, angekuwa anaongeza idadi ya seli zisizosafisha.

Zinazoitwa kwa wingi ni nyutrofili. Uboho hutengeneza takriban bilioni 100 za seli hizi kila siku, na kila moja huishi muda mfupi ikiwa imebeba vimeng'enya vikali vya kuyeyushia bakteria. Kimoja kati ya hivyo ni elastesi. Huyeyusha bakteria, na hukata pia nyuzi za elastini zinazoliwezesha pafu kutanuka na kurudi. Hili halikugunduliwa kwa kubahatisha. Mwaka 1963 huko Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walikuwa wakiangalia vipimo vya protini za damu, wakagundua kwamba wagonjwa wachache wanakosa mstari mmoja kwenye kipimo, na baadhi yao walikuwa na mapafu yaliyoharibika wakiwa bado vijana. Protini iliyokosekana ni alfa-1 antitripsini. Hutengenezwa na ini, na kazi yake ni kuizuia elastesi isivuke mipaka. Asiye nayo huharibiwa mapafu na nyutrofili zake mwenyewe. Kuwa nayo nako hakutoshi, kwa sababu moshi wa sigara huiharibu protini hiyo palepale ndani ya pafu, ikashindwa kuikamata elastesi.

Ushahidi unaonishawishi kuliko mwingine ni wa mwaka 1997, kutoka Marekani. Watafiti waliwavutisha panya moshi wa sigara kwa miezi sita. Panya wa kawaida wakapata uharibifu wa vifuko. Panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja tu cha makrofaji, nao ni cha kukata elastini, hawakuupata, japo moshi waliovuta ulikuwa ule ule. Kwa panya hao, moshi peke yake haukutosha kubomoa pafu, ulihitaji mkono wa seli ya kinga.

Elastini kwa sehemu kubwa hutengenezwa tukiwa tumboni na utotoni, na ukubwani mwili hauwezi kuijenga upya ikarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule madaktari wanaouita COPD, hauna dawa ya kurudisha kilichopotea. Mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5 duniani, na kati ya wanaofariki kabla ya miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa wagonjwa hao, seli nyingine nazo zimo. Limfosaiti aina ya CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa, hujaa kwenye kuta za mirija ya hewa. Mwaka 2004 kundi la James Hogg wa Kanada lilichunguza vipande vya mapafu ya wagonjwa 159, likakuta kwamba kadiri ugonjwa unavyozidi, ndivyo mirija midogo inavyojaa vifundo vya limfosaiti, vya aina tunayoitarajia kwenye matezi. Na walioacha sigara, miaka baadaye, bado huwa na seli hizo kwenye mirija. Kuacha moshi hupunguza kasi ya kupoteza pumzi, na ni hatua muhimu kuliko zote. Lakini asiambiwe mtu kwamba siku akiacha na kifua kitatulia.

Nije kwenye kifua kikuu. Hapa ndipo mikoa yetu ina jambo la kuwafundisha wengine.

Tumezoea kusema TB "inatoboa mapafu". Bakteria wa TB hana meno hayo. Hana vimeng'enya vya kutosha kukata kolajeni, nyuzi ngumu zinazoshikilia pafu. Pango linaloonekana kwenye picha ya eksirei huchimbwa na makrofaji na nyutrofili za mgonjwa mwenyewe, kwa vimeng'enya vya seli hizo zenyewe, zikijaribu kumfikia bakteria. Na ushahidi wa jambo hili madaktari wa Mbeya na Iringa wameuona mezani kwao tangu miaka ya tisini bila kulazimika kwenda maabara: mgonjwa wa TB mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zimeshuka sana, mara nyingi picha yake haina mapango. Bakteria anao tele na anaweza kufa kwa ugonjwa huo, kwa hiyo asifikiri mtu kwamba kukosa kinga ni heri. Lakini wachimbaji wa pango hawapo, na pango halipo.

Kisha anaanza dawa za kufubaza VVU. CD4 zinapanda, kila mtu anafurahi, na wiki chache baadaye homa inarudi, matezi yanavimba, picha ya kifua inakuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Wengi wa waliokuwa karibu na wagonjwa miaka ile ya kwanza ya dawa wanalikumbuka hili, na wapo walioacha dawa wakidhani zinawaua. Zilikuwa zinarudisha kinga, na kinga iliporudi ikakuta mabaki ya bakteria ikayavamia kwa nguvu zote. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Cape Town kwa watu 240 wenye TB na CD4 zisizozidi 100. Nusu walipewa prednisoni, dawa ya kutuliza kinga, kwa wiki nne wakati wa kuanza dawa za VVU. Waliopata mlipuko huo walikuwa asilimia 32.5, dhidi ya asilimia 46.7 kwa wasiopewa. Watu wenye kinga ndogo kuliko wote walisaidiwa kwa kuituliza kinga. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kumwonyesha mtu anayeamini kwamba kinga ni ya kupandisha tu.

Yatokanayo na mapango hayo ndiyo yanayojaza foleni za vifua kwenye vituo vyetu. Mgonjwa anameza dozi ya miezi sita, makohozi yanapimwa, bakteria hayupo, anaandikiwa kwamba amepona. Kwa maana ya bakteria ni kweli amepona. Pafu lake lakini limebaki na makovu, mirija iliyovutwa ikapanuka, vifuko vilivyoungana kuwa tundu, na mahali hapo ute hutuama na bakteria wengine hukaa, na nyutrofili huendelea kuja. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliopona TB hufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya watu wengine wa jamii zao. Mwaka huo huo, Stellenbosch huko Afrika Kusini, wataalamu walikutana katika kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu ugonjwa wa mapafu baada ya TB. Miongo mingi baada ya dawa za TB kupatikana, ndipo swali la hali ya pafu lililobaki likapewa kongamano lake.

Na angalieni kinachompata mtu huyo akirudi kituoni baada ya mwaka mmoja, anakohoa, amekonda kidogo. Anapigwa picha, picha ina kivuli. Kivuli ni kovu la zamani, ila picha haisemi ni la lini. Anaweza kupimwa kwa GeneXpert na kipimo kikaonyesha chanya hafifu, kwa sababu kinatafuta vinasaba, na vinasaba vya bakteria waliokufa huweza kubaki kwa muda mrefu. Basi anaanzishiwa dozi nyingine ya TB. Au anapewa amoksilini ya siku saba, mwezi ujao azithromaisini, mwezi unaofuata sindano. Nimeongea na wauguzi wanaolijua hili vizuri na linawauma. Wanaandika "kifua sugu" kwenye kadi kwa sababu hawana kifaa cha kuwaambia zaidi ya hapo. Wengi wa wagonjwa hawa, nikirudia, hawaumwi tena TB. Wanaumwa kilichoachwa na kinga yao ilipopigana nayo.

Chunya ina sura yake. Ukifika kwenye makarasha ya Makongolosi au Matundasi wakati mawe ya dhahabu yanasagwa makavu, vumbi linakaa juu ya nyusi za vijana kiasi kwamba huwezi kujua umri wao. Lile jeupe linalong'aa ni silika. Makrofaji inaimeza chembe ya silika kama inavyomeza kitu kingine chochote, lakini haiwezi kuiyeyusha. Chembe inatoboa kifuko cha mmeng'enyo ndani ya seli, seli inapiga mbiu ya hatari (mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalieleza hasa mashine ya ndani ya seli inayopiga mbiu hiyo) na kisha inakufa. Chembe inabaki nzima. Inakuja makrofaji nyingine, inaimeza, nayo inakufa vivyo hivyo. Kila kifo huita uvimbe, uvimbe huleta kovu. Ndiyo maana mchimbaji aliyeacha machimbo miaka kumi iliyopita na kurudi kulima mpunga Usangu anaweza kuendelea kupoteza pumzi: vumbi lile lile la zamani bado linapokezanwa. Na makrofaji zilizodhoofishwa na silika hushindwa kumdhibiti bakteria wa TB, kwa hiyo TB huwaandama watu hawa maisha yao yote. Wazee wa Rungwe wanaikumbuka Wenela, iliyosajili vijana wa Kinyakyusa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Tafiti za wachimbaji wa migodi hiyo zilionyesha baadaye kwamba silika na VVU vikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya TB haijumlishwi, inazidishwa. Mkoa wenye VVU kwa kiwango chetu ukiwa na makarasha yasiyomwagiwa maji, hesabu ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo nadai kitu kimoja, nacho ni kipimo cha pumzi siku mgonjwa wa TB anapomaliza dozi yake.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Mtu anavuta pumzi kadiri awezavyo, anaitoa yote kwa nguvu kwenye kifaa, na kifaa kinalinganisha hewa iliyotoka sekunde ya kwanza na hewa yote. Ikiwa baada ya kuvuta dawa ya kupanua mirija uwiano uko chini ya 0.7, njia za hewa zimeziba. Hakihitaji eksirei wala damu. Kinahitaji mtu aliyefundishwa na subira, maana mgonjwa asiposukuma vizuri jibu linakuwa la uongo. Hatuanzi kutoka sifuri. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mbeya kimekuwa mmoja wa washiriki wa mradi wa TB Sequel, pamoja na Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, uliowafuatilia wagonjwa wa TB na kuwapima pumzi kuanzia matibabu na kuendelea, kutafuta ni nani anabaki na pafu lililoharibika na kwa nini. Ujuzi upo mjini Mbeya. Hauvuki geti la utafiti kwenda kliniki ya TB ya Tukuyu, ya Mafinga au ya Makambako, na miadi ya mwezi wa sita ipo tayari kwenye ratiba ya kila mgonjwa.

Kuna kipimo kingine kilichopo hospitali nyingi za wilaya na hatukitumii kwa jambo hili. Ni ile picha kamili ya damu, FBP, inayotoa pia idadi ya eosinofili, aina nyingine ya seli za kinga. Seli hizi zikiwa nyingi kwa mgonjwa wa COPD, hasa kuanzia 300 kwa mikrolita, steroidi za kuvuta, dawa za kutuliza uvimbe, humsaidia. Zikiwa chache, na kifua chake kinaendeshwa na nyutrofili, steroidi humsaidia kidogo sana na humwongezea hatari ya nimonia. Jaribio kubwa la TORCH la mwaka 2007 lilionyesha nimonia kwa asilimia 19.6 ya waliotumia steroidi ya kuvuta pamoja na dawa ya kupanua mirija, dhidi ya asilimia 12.3 kwa waliopewa dawa bandia. Kwenye ukanda wa TB hilo si la kupuuzwa. Ila namba 300 kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wagonjwa wa nchi ambako minyoo ni adimu. Mtu wa Kyela mwenye kichocho au minyoo ya tumbo atakuwa na eosinofili za kutosha bila kifua chake kuhusika. Daktari atakayeikopa namba hiyo bila kwanza kutibu minyoo atawapa steroidi watu wasiozihitaji. Hapa panahitajika utafiti wa kwetu, na ni utafiti wa gharama ndogo.

Dawa mpya zenyewe zinalenga seli hizi moja kwa moja. Mwaka 2024 dupilumabu, kingamwili ya sindano inayozuia ujumbe unaochochea uvimbe wa aina ya eosinofili, iliruhusiwa Ulaya na Marekani kwa baadhi ya wagonjwa wa COPD. Bei yake inaifanya isiwe habari ya Iringa kwa sasa, na wala haiwahusu wale ambao kifua chao kinaendeshwa na nyutrofili. Nimeitaja kwa sababu inathibitisha njia: wenzetu wanatafuta ni seli ipi ya kutulizwa kwa mgonjwa yupi.

Kuhusu moshi, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, na nina hofu nao. Jaribio la majiko banifu lililofanyika Malawi, wilaya mojawapo ikiwa Karonga inayopakana na sisi, lilihusisha watoto 10,750, na matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwishoni mwa 2016 hayakuonyesha nimonia kupungua. Ajali za moto zilipungua, nimonia haikupungua. Makrofaji haijali kama moshi umepungua kidogo, kama uliobaki bado ni mwingi kupita uwezo wake. Huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo mkakati uliobuniwa kwa nchi nzima unaweza kulisahau: moto wa Njombe na Makete si wa kupikia tu. Mtungi wa gesi utaivisha ugali na hautapasha nyumba joto, kwa hiyo mafiga yatawashwa palepale pembeni ya mtungi. Bomba la kutolea moshi nje, lililojengwa na fundi wa kijiji, lingepaswa kuwa sehemu ya mkakati kwa wilaya hizi, pamoja na gesi na umeme.

Nitaulizwa, kama COPD na makovu ya TB hayaponi, mgonjwa apimwe ili apewe nini? Apewe ukweli kwanza, kwamba hana TB tena, ili asimezeshwe dozi ya pili isiyo yake. Apewe salbutamoli, dawa ya kuvuta ya kupanua mirija, na afundishwe kuitumia. Aliye karashani aambiwe kwa namba ya pumzi yake kwamba atafute kazi nyingine, na mwenye karasha alazimishwe kumwagia mawe maji. Anayevuta sigara asaidiwe kuacha wakati bado kuna cha kuokoa. Afanyishwe mazoezi: Kampala wagonjwa wa kifua cha baada ya TB walipitishwa kwenye mazoezi ya wiki sita, wakatoka wakitembea mbali zaidi kuliko walivyoingia, bila dawa mpya yoyote. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuanza kwa mtu ambaye kadi yake imeandikwa "kifua sugu" na hakuna namba pembeni.